Tela likichomoka barabarani, kitu gani kitalisimamisha?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, limesahauliwa katika mjadala wa usalama barabarani hapa Dodoma na mikoa jirani. Tumesikia mengi, na ni haki tuyasikie, kuhusu mwendo kasi wa mabasi, abiria wa bodaboda wasiovaa kofia ngumu na malori yanayozidisha uzito. Mimi nataka kuzungumzia kile kipande kidogo cha chuma kinachounganisha gari na kitu linachokivuta, pamoja na kile kinachopaswa kuwapo pembeni yake ili, kipande hicho kikishindwa, mzigo usigeuke kuwa gari lisilo na dereva. Namaanisha matela ya matrekta, maboza ya maji, mashine za kuchanganyia zege, jenereta na kompresa za magurudumu, na matela madogo yanayofungwa nyuma ya pikapu. Vyombo hivi vimeongezeka mno tangu Serikali ihamishie shughuli zake hapa na ujenzi kupamba moto, na sioni kama uangalizi wake umeongezeka kwa kiasi hicho.

Nianze na malori makubwa ya masafa marefu, yale yanayopita hapa usiku na mchana kuelekea Singida, Mwanza na nchi jirani za Rwanda na Burundi, kwa sababu kwao swali hili lilipatiwa jibu zamani. Kati ya kichwa cha lori na tela lake kuna mipira miwili ya upepo. Ule wa njano hupeleka amri ya breki dereva anapokanyaga pedali; ule mwekundu hujaza tangi la upepo lililo kwenye tela. Tela likichomoka, mpira mwekundu hukatika, mgandamizo wake hushuka ghafla, na vali iliyofungwa kwenye tela hufungulia upepo uliohifadhiwa katika tangi la tela lenyewe, ukabana breki za magurudumu yake bila kusubiri amri ya mtu yeyote. Matela mengi ya sasa yana pia springi nzito ndani ya vyumba vya breki, ambazo hubana zenyewe upepo unapokwisha. Ubora wa mpango huu ni kwamba haumtegemei dereva, ambaye mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba hana tena anachokivuta.

Huko nako kuna uzembe, lakini ni uzembe wa kuharibu kinga ambayo tayari ipo. Wapo wanaobana mpira wa breki wa gurudumu linalovuja ili wamalize safari, na wapo wanaoliacha tela kwenye mteremko wakitegemea upepo uliomo tangini, ilhali upepo huvuja polepole, na kwenye tela lisilo na springi breki huwa zimekwisha kulegea ifikapo alfajiri. Utingo anayeijua kazi yake huweka jiwe au gogo chini ya tairi kabla hajaenda kutafuta chai. Sitakaa sana hapo, kwa sababu malori hayo yana wengi wa kuyatazama: yana namba, yana leseni za usafirishaji, na hupita mizani.

Wakazi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa maana ya uzito unaoteremka bila breki. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu na kugongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba chanzo cha msiba ule kilikuwa kukatika kwa kiungo, wala silinganishi behewa na boza la maji. Nautaja kwa sababu ulituonyesha kwamba uzito ukishaanza kuteremka, aliye juu yake hana tena la kufanya. Kinachoweza kuuzuia ni kifaa kilichowekwa na kukaguliwa kabla ya safari.

Sasa tuwaangalie wageni wetu. Barabara ya Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati ni sehemu ya njia kuu ya Afrika inayotoka Cairo hadi Cape Town, na hupitiwa na wasafiri wanaovuta karavani, yaani matela yenye vitanda na jiko ndani yake. Kwenye tela lililotengenezwa kwa kufuata kanuni za Ulaya, anayechungulia chini ya mkono wa kuvutia ataona, mbali na tufe la chuma lililo kwenye gari na kikombe cha tela kinachokaa juu ya tufe hilo, waya mwembamba unaotoka kwenye handibreki ya tela na kufungwa kwenye gari linalovuta. Ni kitu kidogo ambacho mtu angeweza kudhani ni cha kufungia mizigo.

Kanuni hizo zinataka kila tela ambalo uzito wake wa juu unazidi kilo 750 liwe na breki zake, na hadi kilo 3,500 zinaruhusu breki zinazofanya kazi kwa msukumo: gari linapopunguza mwendo, tela hulisukuma kutoka nyuma, mkono wa tela huingia ndani kidogo, na mwendo huo mdogo ndio unaovuta nyaya za breki. Kasoro ya breki za namna hiyo iko wazi. Tela likiachana na gari, hakuna tena cha kulisukuma, na breki zake hulala. Hapo ndipo waya wa dharura unapofanya kazi. Kikombe kikiruka kutoka kwenye tufe, waya hukazika, huivuta handibreki ya tela mpaka juu, kisha hukatika. Kukatika huko si hitilafu. Umetengenezwa uwe na nguvu ya kutosha kupandisha handibreki, na usiwe na nguvu ya kuendelea kuliburuta tela, kwa sababu tela lililokwisha kubana breki linatakiwa lisimame peke yake nyuma badala ya kuyumbayumba huku likilivuruga gari lililo mbele yake.

Pamoja na urahisi wake, waya huo hushindwa kazi, na mara nyingi chanzo ni namna ulivyofungwa. Kosa baya kuliko yote ni kuuzungusha kwenye shingo ya tufe na kuuacha hapo, kwa kuwa kikombe kinaporuka, kitanzi cha waya nacho huweza kuteleza juu ya tufe na kwenda zake, handibreki ikabaki chini kama ilivyokuwa. Mahali pake ni pete au tundu lililoandaliwa kwenye kiunzi cha gari, pasipotegemea tufe kwa lolote. Waya ukiwa mrefu mno huburuzika kwenye lami mpaka ukabaki nyuzi chache. Ukiwa mfupi mno hukazika kwenye kona na kubana breki za tela katikati ya mzunguko. Klipu ndogo iliyo mwishoni mwa waya ikirudishwa kwenye waya wenyewe ili kutengeneza kitanzi, hupata mvuto wa pembeni ambao haikutengenezwa kuubeba, na huweza kufunguka. Tena handibreki yenyewe isiporekebishwa, waya utaivuta hadi mwisho wake bila magurudumu kushikwa na chochote, jambo ambalo mwenye tela atalijua siku ambayo si ya kujifunzia.

Tufe nalo lina vipimo vyake. La Ulaya ni la milimita 50. Kule Marekani linatumika sana la inchi 2, yaani milimita 50.8, na lipo kubwa zaidi linalokaribia milimita 59. Kwetu sisi, ambako pikapu imetoka nchi moja, tela limetoka nyingine na tufe limechongwa na fundi wa mtaani, si ajabu kukuta kikombe kikubwa kimekalishwa juu ya tufe dogo. Komeo litaingia, kila kitu kitaonekana kimekaa sawa, mpaka tuta la kwanza. Hata tufe sahihi hulika kwa kusuguana; la milimita 50 likifika 49 limekwisha muda wake. Asiye na kifaa cha kupimia anayo njia nyingine ya kujihakikishia kwamba kikombe kimeshika: baada ya kufunga komeo, azungushe mpini wa lile gurudumu dogo lililo kwenye mkono wa tela kana kwamba anataka kuinua tela. Kama kikombe kimeshika, nyuma ya gari itainuka pamoja nacho. Kama hakijashika, kitaachia palepale, gari likiwa limesimama.

Nimeeleza ya karavani kwa urefu kwa sababu yana fikra ambayo kwetu haipo, yaani kwamba kiungo cha kwanza kitashindwa siku moja, na kwa hiyo lazima kiwepo cha pili kisichotegemea cha kwanza. Kwetu kiungo ni kimoja tu, na mara nyingi ni kipande cha nondo.

Nenda Kibaigwa msimu wa mahindi au Bahi wakati wa mpunga, uangalie kilichopitishwa pale trekta linapokutana na tela. Pini halisi ni ya chuma kigumu, imenyooka, inajaza tundu lake, ina kichwa kwa juu, na kwa chini ina kitundu cha klipu inayoizuia isiruke. Kwa kawaida kinachopotea kwanza ni klipu, pini hufuata. Mwenye trekta basi hukata kipande cha nondo, hukikunja juu na kukitumbukiza. Nondo ni chuma cha kujengea, kilichokusudiwa kuvutwa kwa urefu wake ndani ya zege, wala hakikukusudiwa kupigwa kwa ubavu na tela linalosukuma na kuvuta kutwa nzima. Kwa kuwa ni nyembamba kuliko tundu, hucheza. Kwa kuwa inacheza, hugonga. Na kila inapogonga hulipanua tundu, likapoteza uduara wake. Baada ya msimu mmoja wa kazi ya namna hiyo, hata pini halisi ikirudishwa haitatulia tena, na pasipo klipu kwa chini, korongo moja la barabara ya vumbi linatosha kuirusha nje. Nimewasikia madereva wakisema kwa fahari kwamba nondo yao haijawahi kutoka. Ni kweli haijatoka, lakini ukiitoa na kuipangusa utaona jinsi ilivyokwisha kupinda.

Mashine za kuchanganyia zege zina balaa lake. Nyingi zilitengenezwa zivutwe taratibu ndani ya eneo la ujenzi. Hazina springi wala taa, magurudumu yake ni madogo, na beringi zake hazikuwekwa kwa ajili ya mwendo wa barabara kuu. Lakini kwa kuwa kazi ya leo iko Mtumba na ya kesho iko Nala, hufungwa nyuma ya Canter kwa mnyororo mmoja, au kwa waya wa kufungia nondo, na kukatiza jiji zima kwenye barabara ileile ya mabasi na daladala. Juu yake, wakati mwingine, amekaa kibarua.

Mwaka jana mashine moja ya aina hiyo ilichomoka nyuma ya gari la mkandarasi mmoja si mbali na ninapoishi, ikavuka upande wa pili wa barabara na kuishia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Nilikwenda kuitazama kabla haijaondolewa. Mkono wake ulikuwa umekatika pembeni kidogo mwa weldi, na sehemu kubwa ya mahali palipokatika ilikuwa na kutu iliyokomaa. Ukingo mmoja tu ndio uliokuwa unang'aa. Kwa fundi yeyote picha hiyo inasomeka bila taabu: ufa ulikuwapo kwa muda mrefu, ukitembea kidogo kidogo kila mashine ilipovutwa, na siku ile chuma kilichobaki kilikuwa hakitoshi kuibeba. Mtu mwenye brashi ya waya ambaye angeinama kwa dakika moja angeuona. Nilisikia wakilaumiana, dereva akimlaumu fundi na fundi akiulaumu mzigo, na hakuna aliyeuliza kwa nini hapakuwa na mnyororo wa pili.

Hapa niseme neno kwa mafundi wa kuchomelea, ambao wengi wao ni hodari na wamepita mikononi mwetu sisi walimu wa ufundi. Ufa kwenye mkono wa tela haupitishiwi weldi kwa juu na kupakwa rangi. Husagwa wote mpaka mwisho wake uonekane, huchomelewa kuanzia ndani, na bamba la kuimarisha likiwekwa, kingo zake hukatwa kwa mshazari ili weldi isiishie ghafla mahali palepale panapobeba nguvu kubwa. Ndoano ya kuvutia nayo haichomelewi kwenye bampa. Bampa liliwekwa kuzuia mgongano, na nyingi zimeshikwa na boli nne za kawaida. Ndoano hufungwa kwenye chasisi.

Boza la maji linahitaji uangalifu wa peke yake, na katika mji unaokua kwa kasi huku mitaa mingine ikisubiri mabomba, maboza hayataondoka karibuni. Lita 5,000 za maji ni tani tano kabla hujahesabu chuma cha boza lenyewe. Likijaa kabisa, maji hutulia. Likiwa nusu, na ndani hakuna kuta za kuyazuia, maji hukimbilia mbele dereva anapofunga breki na kurudi nyuma anapoondoka, na kila safari ya maji hayo huishia kwenye pini. Mpangilio wa mzigo nao una sehemu yake. Uzito ukielemea nyuma ya ekseli, mkono wa tela hutaka kunyanyuka na kuisukuma pini ndoanoni, na tela jepesi nyuma ya pikapu huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwa karavani, ushauri wa kawaida ni kwamba asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela lililopakiwa ielemee kwenye tufe. Anayepakia mifuko ya saruji kwenye tela dogo hahitaji kukokotoa. Aanze kupakia kuanzia juu ya ekseli na kidogo mbele yake, asiirundike nyuma kwa sababu ndiko mlango uliko.

Kwa kuwa vingi vya vyombo vyetu havina breki kabisa, waya wa dharura hautavisaidia, maana hakuna handibreki ya kuivuta. Vinachohitaji ni minyororo ya usalama, miwili, iliyopishanishwa chini ya mkono wa tela, wa kushoto ukifungwa kulia na wa kulia kushoto. Kupishanisha huko kuna sababu: pini ikitoka, mkono huangukia juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara na kulipindua tela. Kila mnyororo uweze kuhimili uzito wote wa tela na mzigo wake, uwe na ulegevu wa kutosha kwenye kona lakini usiguse chini, na ufungwe kwenye kiunzi cha gari, mbali na pini. Nimeona matela yenye mnyororo mzuri kabisa uliopitishwa kwenye pini ileile ya kuvutia, na huko ni kumfunga punda wa pili kwenye kigingi ambacho wa kwanza amekwisha kukilegeza. Mnyororo haugeuzi tela kuwa na breki. Humpa dereva nafasi ya kupunguza mwendo taratibu, tela likiwa bado nyuma yake, na hiyo ni nafasi ambayo nondo peke yake haitoi. Kwa tela la tani kadhaa, ningependa kuona breki zake lenyewe, na hapo ndipo waya wa dharura au breki ya upepo inapopata maana.

Najua wamiliki watasema trekta haliendi kasi. Kilomita 25 kwa saa ni karibu mita saba kila sekunde, na magunia 40 ya kilo 100 ni tani nne. Hesabu hiyo inatosha kuangusha ukuta wa nyumba iliyo kando ya barabara. Wala si kweli kwamba nchi yetu hii ya kati yote ni tambarare. Kuna mpando wa Saranda kuelekea Manyoni, kuna vilima vya Kolo ukishapita Kondoa, kuna Nyang'oro ukishavuka Mtera, na kuna Sekenke kule Iramba. Watu hudhani hatari iko kwenye kuteremka, ilhali pini huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi wakati wa kupanda. Ikikatika hapo, tela hurudi nyuma kuelekea kwa basi au bodaboda iliyokuwa ikisubiri nafasi ya kulipita, na dereva wa trekta, ambaye ghafla ameona injini yake imepata nguvu, anakuwa tayari yuko mbali.

Watasema pia kwamba ni gharama. Minyororo miwili na klipu ya pini haifikii bei ya tairi moja jipya la tela hilohilo, na mwenye trekta hasiti kununua tairi kwa sababu bila tairi kazi haifanyiki siku hiyo. Hofu nzito zaidi ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini, kwamba tukiongeza sharti jipya tutakuwa tumewaongezea askari wa barabarani sababu nyingine ya kuwasimamisha watu. Siidharau hofu hiyo. Ndiyo maana napendekeza ukaguzi uwe wa vitu vinavyoonekana kwa macho, visivyo na mjadala: pini yenye klipu, minyororo miwili iliyofungwa mahali tofauti na pini, na taa au angalau viakisi mwanga nyuma ya tela. Kitu ambacho dereva, utingo na askari wote watatu wanakiona kwa pamoja hakiachi nafasi kubwa ya kubishana au ya mengineyo.

Kuna wanaotaka matela ya matrekta yapigwe marufuku kabisa kuingia mjini. Sikubaliani nao. Mahindi ya Kongwa, zabibu za Hombolo na alizeti ya Singida hazitaota mbawa, na anayempiga marufuku mkulima mchana atakutana naye usiku, bila taa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, tunayo tangu 1973, na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayo ile ya mwaka 2016, yenye ukomo wake wa tani 56 ambao kila dereva wa lori anaujua kwa moyo. Mizani ya Nala na ya Njuki zinafanya kazi yake. Lakini mizani hupima kilo. Haiulizi kilo hizo zimeshikiliwa na nini, na hata hivyo mashine ya zege na tela la trekta havipandi mizani. Kikosi cha Usalama Barabarani hukagua magari na kutoa stika za Nenda kwa Usalama. Ningeomba tela lihesabiwe kuwa chombo chenye ukaguzi wake, lisichukuliwe kama mzigo wa gari lililolivuta. Shirika la Viwango nalo lingefaa kuweka kipimo kinachoeleweka cha pini, ndoano na minyororo kwa matela yanayotengenezwa na karakana zetu, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ikakifundisha kipimo hicho kwa vijana wa kuchomelea kabla hawajafungua vibanda vyao. Wanaokuja kuuza matrekta na matela kwenye viwanja vya Nanenane pale Nzuguni waulizwe jambo moja na kila mnunuzi: minyororo yake iko wapi, na imo ndani ya bei?

Hata hivyo sitegemei kwamba haya yote yatatekelezwa kwa pamoja, na yapo yanayoweza kuanza kesho bila sheria mpya. Sehemu kubwa ya mashine za zege, kompresa na maboza yanayozunguka jijini yanafanya kazi za umma, katika barabara, majengo ya ofisi na miradi ya maji. Halmashauri, wakala na wizara zinazotoa zabuni hizo tayari huandika kwenye mikataba mambo ya kofia ngumu, viatu na vizibao vya kuakisi mwanga. Naomba ziongeze kifungu kimoja: chombo chochote cha kuvutwa hakitaingia wala kutoka katika eneo la kazi bila pini yenye klipu na minyororo miwili ya usalama, msimamizi wa eneo atasaini kwamba amekiona, na mkandarasi atakayekileta bila vitu hivyo atakirudisha juu ya lori kwa gharama yake mwenyewe.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari,
Dodoma